Kuwa ekstra kwenye filamu na tamthilia: kazi inapatikanaje na kule seti mambo yanaendaje

Mtu akisema anataka kuwa ekstra kwenye filamu, yaani mmoja wa wale wanaoonekana nyuma ya wahusika bila kusema kitu, ushauri wa kwanza anaopewa ni nenda kasome uigizaji, tafuta meneja, kapige picha studio kubwa, kariri monologu. Vyote vizuri, ila ni vya mwigizaji mwenye mistari ya kusema. Ekstra havimhusu, na ndo maana watu wengi wanamaliza hela na miezi wakihangaika na vitu ambavyo hakuna aliyewaomba, afu wanakata tamaa wakidhani hawana kipaji. Ekstra haajiriwi kwa kipaji. Anaajiriwa kwa sababu anafanana na mtu anayetakiwa kuwepo pale, siku hiyo ana nafasi, na saa aliyoambiwa atafika. Ukiishika hiyo, mambo mengine yote ya hii kazi, kuanzia aina ya picha unayotuma mpaka kwanini unakalishwa masaa sita bila kuitwa, yanaanza kueleweka.

Tuanze na nafasi yenyewe inavyozaliwa maana hapo ndo penye mkanganyiko. Skripti inakuwa imeandika tu "uwanja wa ndege, asubuhi". Basi. Muongozaji na msaidizi wake wa kwanza wanakaa wanaipigia hesabu: abiria 40, wahudumu wa kaunta watatu, polisi wawili, rubani mmoja, familia yenye mtoto mdogo, mzee wa kiti cha magurudumu. Hiyo orodha haiendi kwa yule mkubwa wa kasting anayechagua mastaa, inaenda kwa mtu au kampuni nyingine kabisa inayoshughulika na ekstra peke yake. Yeye ana kanzidata ya watu, kila mmoja na picha zake, umri anaoonekana, urefu, saizi za nguo, simu. Anachuja. Anatuma meseji "una nafasi Alhamisi?" kwa watu 100 ili apate karibu 50. Hakuna usaili hapo, hakuna mtu anakwambia "hebu lia kidogo tuone". Umeonekana kwenye picha, umejibu haraka, umepata.

Kwahiyo swali la "nianzie wapi" jibu lake ni kwamba uingie kwenye hizo kanzidata. Tafuta kampuni zinazopanga ekstra pale ambapo filamu na tamthilia zinashutiwa kweli, jisajili zaidi ya moja kama masharti yao yanaruhusu, na fuatilia matangazo yao kwenye mitandao maana siku hizi wakipungukiwa watu wanatangaza hapo hapo, mara nyingi jioni kwa ajili ya kesho yake. Angalia pia kama unaruhusiwa kisheria kufanya kazi mahali hapo, watakuomba vitambulisho na hawatakuingiza kwenye malipo bila hivyo. Mtoto ni habari nyingine, sehemu nyingi anahitaji kibali maalum, masaa yake yana kikomo na lazima awe na mzazi au mlezi karibu, usikubali kampuni inayokwambia hayo mambo ya vibali ni madogo madogo.

Sasa hela, na hapa naomba usome taratibu. Usilipe chochote kabla ya kupata kazi. Kampuni halali inapata hela yake kwa prodyuza au inakata asilimia kwenye malipo yako baada ya kufanya kazi, na zipo zinazokata ada ya mwaka kwenye malipo ya kazi yako ya kwanza, hiyo nayo inaeleweka kwa sababu hela imetoka kwenye kazi waliyokupa wao. Tatizo ni yule anayetaka hela kwanza. Anakwambia una sura ya kamera, nafasi ipo imebaki moja, ila lazima upigwe picha na mpiga picha wao na ulipie darasa lao la siku mbili. Mwingine hakuombi hela kabisa, anakutumia cheki yenye hela nyingi kuliko mlizokubaliana afu anakuomba urudishe iliyozidi, wewe unarudisha hela yako halisi, baada ya siku kadhaa benki inagundua cheki ni feki na deni linakuwa lako. Na anayekuita "kasting" chumba cha hoteli peke yako, au anataka picha za nguo za ndani kwa kazi ya kukaa kwenye basi, huyo mfute. Kasting ya ekstra haihitaji kukutana na mtu chumbani.

Mchezo huu ni wa zamani mno. Hollywood ya miaka ya 1920 watu walikuwa wanajazana mageti ya studio kila asubuhi wakitafuta kazi ya siku, na mawakala wanawatoza ada ili wawaingize ndani, hali ikawa ya aibu mpaka studio zenyewe mwaka 1925 zikaanzisha ofisi moja ya pamoja, Central Casting, ambayo ekstra hakutozwa kitu kupangiwa kazi. Ofisi hiyo bado ipo na bado inapanga ekstra. California wakaja kupitisha sheria mwaka 2009 ya kukataza mawakala wa vipaji kuchukua ada ya mbele. Yaani karibu karne nzima watu wanapigania jambo lilelile moja, kwamba mtu maskini mwenye ndoto asiuziwe mlango. Mimi hili linaniuma kwa sababu wanaoibiwa ni haohao wenye shauku zaidi, wale ambao wangekuwa ekstra wazuri kweli.

Turudi kwenye picha. Anayezitazama anataka kujua ukifika asubuhi ile utaonekanaje, hana haja nyingine. Kwahiyo picha ya simu inatosha kabisa, moja ya uso mpaka mabegani na nyingine ya mwili mzima mpaka viatu, mbele ya ukuta mtupu, mwanga wa mchana, nguo ya rangi moja inayokukaa vizuri, bila miwani ya jua, bila kofia, bila filta. Filta ndo inaharibu kuliko kitu chochote. Umepangiwa kama mama wa miaka 50 wa kwenye sini (tukio moja la filamu) ya hospitali, picha umeilainisha ukaonekana wa 30, ukifika msaidizi wa muongozaji anakuangalia tu anajua hufai pale, anakuhamishia nyuma kabisa ya umati au anakurudisha. Na ukinyoa, ukifuga ndevu, ukibadili rangi ya nywele au uzito ukabadilika, badilisha picha siku hiyohiyo. Ukiwa tayari umeshapangiwa kazi usiguse nywele zako mpaka kazi iishe, hata kidogo, au uwaulize kwanza.

Saizi andika za kweli. Watu wa mavazi wanaandaa nguo kabla hujafika, wanasoma tu zile namba ulizojaza: kifua, kiuno, urefu wa mguu, shingo, kiatu, wakati mwingine mpaka kichwa. Kama ni filamu ya enzi za kale yenye magauni ya kufunga kamba mgongoni na ulipunguza kiuno kwenye fomu kwa sababu ya aibu, gauni halifungi na hakuna jingine. Vipaji navyo hivyohivyo. Kama unajua kuendesha farasi, kuogelea, kucheza dansi, kuendesha pikipiki, kama uliwahi kuwa muuguzi au askari na unajua kushika vifaa vya kazi hiyo inavyotakiwa, andika, maana hizo zinalipa zaidi na ushindani ni mdogo. Ila usidanganye. Kusema unaweza farasi wakati humwezi ni hatari kwako, kwa farasi na kwa watu waliosimama pembeni.

Kuna na mambo ya tatuu ambayo wengi wanashangaa kwanini fomu inauliza. Mchoro wa tatuu unaweza kuwa na hakimiliki ya aliyeuchora. Mwaka 2011 msanii aliyemchora Mike Tyson usoni aliishtaki studio ya Warner Bros. kwa sababu mchoro kama ule ulionekana kwenye uso wa mhusika mwingine ndani ya filamu, wakaja kumalizana nje ya mahakama. Toka hapo watu wa sheria wa prodakshen wako makini, kwahiyo tatuu ya ekstra itafunikwa na meikapu au utaombwa ruhusa ya maandishi kutoka kwa mchoraji. Ukiitaja mapema unawarahisishia, usipoitaja unawachelewesha asubuhi yenye watu 200 kwenye foleni ya meikapu.

Sasa umejisajili, meseji ya kwanza imeingia. Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kuulizwa kama una nafasi sio kupangiwa kazi. Wanakuandika kwa penseli, yaani wanaomba hiyo tarehe uiache wazi, na wanaweza kuifuta bila kukulipa chochote. Ukishathibitishwa ndo umepangiwa, na kuanzia hapo kutokutokea ni kosa kubwa, wengi wanafutwa kwenye orodha moja kwa moja kwa kosa hilo moja. Kama umeandikwa kwa penseli na sehemu mbili, yule wa kwanza kukuthibitisha mpe, afu yule mwingine mwambie mapema. Meseji ya "samahani nimepata kazi nyingine hiyo tarehe" hakuna anayeichukia, kinachochukiwa ni ukimya.

Saa na mahali pa kufika utaambiwa jioni sana, wakati mwingine usiku kabisa, na hapo wageni wanaanza kulalamika kwamba hawa watu hawana mpangilio. Sababu ipo. Ratiba ya kesho inategemea leo wamemaliza saa ngapi, maana waigizaji na mafundi lazima wapate masaa yao ya kupumzika kabla ya kuitwa tena, kwahiyo leo wakichelewa masaa mawili na kesho yote inasogea. Ile ratiba ya siku, kolishiti wanavyoiita, haiwezi kutoka mpaka wawe na uhakika. Unachofanya wewe ni kuiacha siku nzima wazi, kabla na baada. Ukipanga kwenda kumchukua mtoto shule saa tisa alasiri siku ya kushuti umeshajitafutia matatizo, kwa sababu hakuna anayejua mtamaliza saa ngapi.

Ukiambiwa uje na nguo zako beba seti mbili tatu za ziada, zimepigwa pasi. Wataandika ni mtindo gani, wa ofisini, wa harusini, wa baridi hata kama wewe unatokwa jasho, kwa sababu sini ya Desemba inaweza kushutiwa mwezi wa saba. Epuka nyeupe tupu maana inarudisha mwanga mwingi na jicho la mtazamaji linakimbilia huko, nyekundu kali hivyohivyo. Mistari myembamba iliyobanana inacheza kwenye kamera inakuwa kama inatetemeka. Nembo na maandishi ya makampuni ni tatizo la haki, lazima wapate ruhusa au wazibe. Ukielewa kwamba nguo ya ekstra kazi yake ni kumfanya aaminike bila kuvuta macho, utajua mwenyewe cha kuchagua bila hata kuambiwa.

Siku yenyewe inaanza na foleni. Unajiandikisha, unapewa vaucha au fomu ya malipo, hiyo ndo hela yako kwahiyo ijaze kwa makini na usiipoteze, unapita kwa watu wa mavazi, unapita kwa nywele na meikapu, afu unapelekwa sehemu ya kusubiria, hema au ukumbi, na unakaa. Na unakaa. Unaweza kukaa masaa mengi sana. Wakati huo taa zinapangwa, kamera inahamishwa, waigizaji wakubwa wanafanya mazoezi, mvua inasubiriwa ikate. Kamera ikihama upande mmoja wa chumba kwenda mwingine taa zote zinapangwa upya, na hapo peke yake saa moja inaweza kwisha. Njoo na kitabu, chaja, koti, viatu vya kupumzishia miguu. Cha muhimu ni kwamba usiondoke eneo hilo bila kumwambia mhusika hata kama unaenda chooni, maana wakija kuwaita "nataka watu kumi sasa hivi" wanachukua waliopo.

Sasa tuingie ndani ya sini moja tuone kazi yenyewe, maana hapa ndo watu wanadhani ni kukaa tu. Ni mgahawa. Wahusika wawili wanagombana meza ya katikati. Wewe umeambiwa na msaidizi wa muongozaji: "Umekaa meza ile na huyu dada, mnaongea, akisema neno 'mama' wewe unainuka, unapita nyuma yao, unaenda kaunta." Fundi sauti anasema tayari, kamera inazunguka, kibao kinapigwa, afu inaitwa "ekstra!" kwanza, sekunde chache baadaye ndo "akshen!". Nyinyi mnaanza kabla ili wahusika wakianza kuongea mgahawa uwe tayari una uhai. Ukisubiri "akshen" umechelewa.

Mnaongea na huyo dada lakini sauti haitoki. Kabisa. Midomo inacheza, mikono inacheza, anacheka bila kutoa hata pumzi ya kusikika, kwa sababu mikrofoni inatakiwa ichukue maneno ya wale wawili tu yakiwa safi. Ile kelele ya mgahawa utakayoisikia kwenye filamu inarekodiwa siku nyingine na kuwekwa baadaye. Ndo maana meza zinaweza kuwa zimetandikwa kitu laini chini ya kitambaa ili sahani zisigonge, ndo maana unaweza kukuta umebandikiwa kipande cha raba au kitambaa kizito kwenye soli ya kiatu. Kikombe unakishusha taratibu kama kuna mtoto mchanga amelala pembeni. Kucheka bila sauti kwa dakika mbili na mtu usiyemjua na ionekane ni kweli, jaribu nyumbani uone.

Anasema "mama", unainuka, unapita, unafika kaunta. "Kati! Rudini moja!", yaani kamera isimame na kila mtu aanze upya. Unarudi sehemu ya mwanzo. Tena. Na tena. Wakimaliza shoti pana inayoonyesha chumba chote, kamera inasogea kwa mhusika wa kwanza, ugomvi unarudiwa wote, afu inageuzwa kwa wa pili, unarudiwa wote, afu klozapu, yaani uso kwa karibu kabisa. Mara zote hizo wewe unatakiwa kuinuka kwenye neno lilelile, mkoba bega lilelile, kikombe mkono uleule, mwendo uleule. Kwa sababu mhariri baadaye atachukua nusu sentensi ya teki ya tatu (teki ni kila mara mnaporudia kushuti) na kuiunganisha na jibu la teki ya tisa kutoka upande mwingine, na kama kwenye moja ulikuwa unapita na nyingine umekaa, utakuwa umepotea ghafla nyuma ya bega la staa. Teki nzuri ya mwigizaji mkubwa inaweza kutupwa kwa sababu ya ekstra mmoja aliyeinuka mapema. Yupo msimamizi wa mwendelezo anayeandika haya mambo ila yeye anaangalia zaidi wahusika wakuu, yako unayabeba wewe kichwani. Kwangu mimi hapo ndo ulipo ufundi wa ekstra: kurudia kitu kidogo mara 15 na kila mara kiwe kipya na kiwe kilekile. Nawaheshimu sana watu wanaoweza hiyo.

Na usiitazame kamera. Usiitafute pia, maana kuna wale wanaosogea sogea ili waonekane, mafundi wanaliona hilo mara moja na unahamishwa. Kama unaiona lenzi wazi bila kizuizi basi na yenyewe inakuona, inatosha, endelea na kazi yako. Mastaa usiwasumbue, hawajakaa bure pale wapo kazini, wakikusalimia itikia. Simu mara nyingi zinakusanywa au zinafungiwa na utasaini karatasi ya kutunza siri, kupost picha ya seti au nguo uliyovaa kunaweza kukufukuzisha na kukuletea kesi. Kuhusu mstari wa kusema, usijitungie. Ila ikitokea muongozaji mwenyewe amekugeukia akakwambia sema neno fulani kwa mhusika, hapo hadhi yako inabadilika na malipo yako yanatakiwa kubadilika, kwenye mikataba ya vyama unapandishwa kuwa mwigizaji mwenye mstari. Mwambie msaidizi wa muongozaji siku hiyohiyo ili iandikwe, usingoje wiki ipite.

Malipo ni ya siku, na kila mahali yana kanuni zake. Marekani ekstra walikuwa na chama chao mpaka mwaka 1992 ambapo walihamia chama cha waigizaji, ambacho leo kinaitwa SAG-AFTRA. Kwa mkataba wao siku ni masaa 8, ikizidi ni ovataimu, chakula kinatakiwa kisipite masaa 6 la sivyo prodakshen inalipa faini kwako, na ikipita saa ya 16 kila saa moja inalipwa kama siku nzima. Uingereza kuna chama cha BECTU chenye mkataba wa ekstra wa filamu zinazoshutiwa eneo la London. Juu ya malipo ya siku yanaongezwa ya vitu maalum: umekaa kwenye moshi, umelowa, umetumia gari lako, umebadili nguo zako mara kadhaa. Hayo yote lazima yaandikwe kwenye vaucha kabla hujaondoka, kwahiyo jioni ile ambayo kila mtu anakimbilia basi la kurudi ndo wakati wa kutulia na kusoma. Andika na wewe pembeni saa uliyofika, saa ya chakula, saa uliyoachiwa. Rudisha nguo na propu (vifaa vya kushika kwenye sini) walizokupa, maana kuna sehemu hawasaini vaucha mpaka nguo irudi.

Sehemu nyingi mtu anaanza bila chama, analipwa kidogo zaidi na ulinzi unakuwa mdogo. Kwa SAG-AFTRA njia moja ya kustahili kujiunga ni kufanya siku 3 za kazi kama ekstra chini ya mkataba wao, ndo maana utasikia watu wanahesabu vaucha. Usikimbilie kujiunga siku ileile ulipostahili. Mwanachama haruhusiwi kufanya kazi zisizo za chama, na kama unapoishi kazi za chama ni chache unaweza kujikuta umekaa nyumbani na kadi yako.

Je, hii ndo njia ya kuwa staa? Mastaa wa Hollywood Ben Affleck na Matt Damon waliwahi kuwa ekstra kwenye umati wa uwanja wa besiboli wa Fenway Park kabla hawajajulikana, na mifano kama hiyo watu wanaipenda. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba hawakuchaguliwa kutoka kwenye ule umati, walikwenda kwenye usaili, wakaandika, wakahangaika kwa njia nyingine. Hakuna mtu anayetafuta staa wake kati ya watu wanaopita nyuma. Kama unataka uigizaji wa mistari, uekstra uuchukulie kama sehemu ya kujifunza seti inavyoongea, nani anafanya nini, kwanini watu wanakimbia, ili siku ukipata mstari wako wa kwanza usiwe mgeni. Hapo sasa yale masomo ya uigizaji na zile picha za studio nilizozitaja mwanzoni vina kazi yake. Na kama hutaki ustaa, unataka kazi ya siku unayoipenda ukiwa mstaafu, mwanafunzi au mtu wa zamu, napo ni sawa kabisa, na kusema kweli hao ndo wanaodumu.

Jambo la mwisho ni jipya kidogo na linagusa ekstra kuliko mtu yeyote. Filamu ya Gandhi ya mwaka 1982 ina sini ya mazishi iliyokusanya watu wanaokadiriwa kufika 300,000, watu wa kweli waliosimama barabarani Delhi. Baadaye wakaja na midoli ya kupulizwa iliyokalishwa viwanjani kati ya watu, wakaja na kompyuta inayonakili watu 200 wawe elfu kumi, na sasa kuna kuskani. Unaingizwa kwenye kibanda chenye kamera nyingi, unageuka, unafanya sura ya furaha na ya huzuni, na mwili wako wote unakuwa faili. Mgomo wa SAG-AFTRA wa 2023, kuanzia tarehe 14 Julai mpaka 9 Novemba, hili lilikuwa moja ya mambo makubwa kabisa waliyogombania, na mkataba uliotoka ukaweka kwamba ekstra lazima aarifiwe kabla, akubali, alipwe siku ya kuskaniwa, na nakala yake isitumike kwenye kazi nyingine bila ridhaa yake.

Nje ya mikataba hiyo ulinzi wako ni karatasi unayosaini. Kwahiyo ukiona neno skani au nakala ya kidijitali kwenye fomu, tafuta vitu vitatu: inatumika kwenye filamu hii tu au popote, kwa muda gani, na wakitaka kuitumia tena watakulipa na kukuomba upya au la. Kama imeandikwa "kwa matumizi yoyote, milele" na wamekupa malipo ya siku moja ya kawaida, uliza kama unaweza kufanya kazi bila kuskaniwa. Uliza mapema, kwa kampuni iliyokupangia na kabla ya siku ya kushuti, kwa sababu saa 11 alfajiri kwenye foleni ya meikapu na watu 80 nyuma yako kila mtu anasaini tu.